Kutathmini usalama wa mota ya pikipiki ya umeme: anza barabarani, malizia kwenye koili

Mwongozo huu ni wa anayebuni au anayechagua mota ya pikipiki ya umeme: mhandisi wa kiwanda kidogo, wanachuo wanaounda ya kwao, au karakana inayong'oa injini ya petroli na kufunga mota. Nimechukua bodaboda kama mfano kwa sababu huku kwetu ndicho chombo cha umeme kinachopakia watu wengi kutwa nzima, na abiria wake hana mkanda wala mfuko wa hewa. Mara nyingi amepakata mtoto.

Wengi huanza tathmini kwenye kipuri. Beringi ikifa itakuwaje? Waya ukikatika? Kwa njia hiyo utajaza kurasa nyingi na bado utaliacha lile linaloua. Uliza kwanza mota inaweza kumfanyia nini aliyepanda na anayevuka barabara, kisha ndipo ushuke hadi kwenye sumaku na koili. Ndivyo kilivyopangwa kiwango cha ISO 26262 cha usalama wa mifumo ya umeme ya magari, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2011. Toleo la 2018 liliongeza sehemu ya 12, mahsusi kwa pikipiki. Huhitaji cheti chake ili kufuata mantiki yake.

Hatua ya 1: Chora mpaka wa unachokipima

Kwenye karatasi moja chora mota, kontrola (kifaa kinachogawia mota umeme), vihisi vya mkao wa rota (sehemu ya mota inayozunguka), kihisi cha joto, eksileta, swichi za breki, nyaya tatu nene za fezi (zinazopeleka umeme kwenye koili), na mahali ekseli inaposhikwa na fremu. Betri iache nje ya mpaka, lakini andika inachokupa na inachoweza kukunyima. Betri yenye seli 20 za lithiamu za volti 4.2 ikijaa inafika volti 84, hata kama kibandiko kinasema 72. Na bodi yake ya ulinzi, ile BMS, inaweza kukata umeme wakati wowote bila kuiuliza mota.

Hapohapo andika kwamba kanuni za Umoja wa Mataifa za magari ya umeme, R100 kwa magari na R136 kwa pikipiki na bajaji, huhesabu umeme wa DC (mkondo mmoja, kama wa betri) unaozidi volti 60 kuwa umeme wa volti kubwa. Pikipiki ya volti 72 imeshavuka mstari huo. Fundi aliyezoea betri ya volti 12 atazishika nyaya hizi kwa mazoea yaleyale, kwa hiyo yeye naye ni mtu wa kulindwa na tathmini yako, sawa na dereva.

Kisha andika matumizi jinsi yalivyo, si jinsi kipeperushi kinavyosema. Pikipiki kilo 130, dereva na abiria kilo 140, jumla 270. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, imekatazwa, lakini ipo, nawe ihesabu. Mvua za masika, madimbwi, vumbi, kupanda mlima na mzigo, kuteremka kwa kilomita nyingi, kuoshwa kwa pampu kila asubuhi: vyote viingie.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi za mota, kisha ziharibu moja moja

Kazi zenyewe ni chache: kusukuma mbele kadiri eksileta inavyoomba, kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, kuzunguka bure dereva anapoachia, na kutulia kabisa chombo kinapozimwa. Kila moja ipitishe kwenye maswali haya: ikikosekana? Ikizidi? Ikija bila kuombwa? Ikienda kinyume? Ikichelewa kuacha?

Utapata mambo kama haya: pikipiki inajisukuma yenyewe kwenye foleni, mota inapiga breki kali kwenye kona, nguvu inapotea katikati ya barabara kuu, gurudumu linazunguka wakati fundi ameweka vidole kwenye mnyororo, ganda la mota linapata umeme, moshi na moto.

Usilichukulie jepesi lile la nguvu kupotea. Februari 2014 Toyota iliita karakana magari ya Prius takriban milioni 1.9 duniani kote, kwa sababu programu ya kuendesha kibadilisha umeme iliweza kuchemsha transista (swichi za kielektroniki) hadi zikaharibika. Gari lingeweza kupunguza nguvu, na mara chache kuzima kabisa likiwa kwenye mwendo. Hapakuwa na kujisukuma wala moto, bado hatari ilionekana kubwa kiasi hicho. Sasa mfikirie dereva wa bodaboda anayevuka Barabara ya Morogoro mbele ya lori, mota inazima katikati ya njia.

Hatua ya 3: Kiweke kila kihatarishi mahali pake barabarani, kisha kipime

Kihatarishi bila mahali hakipimiki. Breki ya ghafla kwenye lami kavu iliyonyooka ni jambo moja. Breki hiyohiyo kwenye kona yenye maji, abiria nyuma, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ni jambo jingine kabisa. Kwa kila pahali toa alama tatu.

S ni ukali wa madhara: 1 ni majeraha madogo, 3 ni majeraha ya kutishia uhai au kifo. E ni mara ngapi chombo hujikuta kwenye hali hiyo: 1 ni nadra mno, 4 ni karibu kila safari. C ni kama mtu anaweza kujiokoa: 1 ni rahisi, 3 ni vigumu au haiwezekani. Ukizijumlisha utapata daraja: 10 ni D, 9 ni C, 8 ni B, 7 ni A, na chini ya 7 usimamizi wa kawaida wa ubora unatosha. Kwa pikipiki daraja hizi huitwa MSIL, na zinapogeuzwa kuwa masharti ya kubuni hushuka ngazi moja: D ya pikipiki hutimizwa kwa masharti ya C ya gari, C kwa ya B, B kwa ya A.

Breki isiyoombwa kwenye ile kona ya mvua ningeipa S3, E3, C3. Jumla 9, daraja C. Kujisukuma kwenye foleni mbele ya kivuko cha watembea kwa miguu: S2, E4, C2, kwa kuwa breki nzuri ya mbele inaishinda mota. Jumla 8, daraja B. Gurudumu kuzunguka mkononi mwa fundi: S2, E2, C3, daraja A.

Kwenye C ndipo watu hujidanganya. Mhandisi anayeendesha vizuri humpa kila dereva ustadi wake yeye. Waite madereva wa kijiweni, mmoja aliyeanza kazi juzi na mmoja mzoefu, uwaeleze hali ilivyo, uwaulize wangefanya nini. Nao wakitofautiana, chukua alama ya aliyeanza juzi.

Hatua ya 4: Amua hali salama, na usidhani ni kuzima tu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine popote. Ukisha kuwa na daraja, andika lengo kwa kila kihatarishi kikubwa: mota isipige breki isiyoombwa kupita kiasi fulani, na ikianza, iachwe ndani ya muda fulani. Kiasi na muda utavipata kwa majaribio kwenye uwanja mtupu, kuanzia kidogo na kupanda, dereva amevaa kamili. Halafu jiulize: hitilafu ikitokea, mota iende kwenye hali gani?

Jibu la haraka ni "ikate umeme". Lakini mota nyingi za pikipiki zina sumaku za kudumu, na mota ya sumaku inayozungushwa na gurudumu ni jenereta, utake usitake. Ukiikata kutoka kwenye betri haijaacha kuzalisha.

Chukua mteremko wa kutoka Lushoto kwenda Mombo. Dereva amechaji juu, betri imejaa, volti 84. Anaachia eksileta, mota inapiga breki na kurudisha wati 2,000 kwenye betri isiyo na nafasi. BMS inaona seli zimezidi, inakata. Sasa zile wati 2,000 hazina pa kwenda isipokuwa kwenye kapasita za kontrola, vile vihifadhi vyake vidogo vya umeme. Tuseme ni mikrofaradi 1,000, na transista zimeandikwa volti 100, kama zilivyo kontrola nyingi za bei nafuu. Kuzijaza kapasita hizo kutoka volti 84 hadi 100 kunahitaji jouli 1.5 tu. Kwa wati 2,000 ni chini ya elfu moja ya sekunde. Pikipiki ya kilo 270 kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa imebeba jouli 26,000. Hakuna dereva wala programu ya polepole itakayowahi. Transista zinapasuka, na transista ya aina hii ikifa, mara nyingi hufa kwa kupiga shoti.

Shoti hiyo inaunganisha koili za mota zenyewe kwa zenyewe. Mafundi wanaijua dalili yake: pikipiki imezimwa, lakini ukiisukuma ni nzito na inakwamakwama. Kitu kisichofahamika sana ni kwamba breki hiyo ya shoti haiongezeki na mwendo. Kwa mota yenye ukinzani wa miliomu 10 na mikrohenri 100 kwa kila fezi, jozi 20 za sumaku na gurudumu la nusu kipenyo sentimita 28, shoti ya fezi zote tatu hubana zaidi kwenye kilomita 5 hivi kwa saa. Kwenye kilomita 50 nguvu yake ni kama moja ya tano ya hapo. Maana yake, dereva atahisi mvuto kidogo huko juu, kisha kadiri anavyopunguza mwendo mota inazidi kubana, na gurudumu linaweza kuteleza mwishoni kabisa, akiwa anataka kuweka mguu chini kwenye kokoto. Ikipiga shoti fezi mbili tu, breki inakuja kwa kudundadunda.

Kwa hiyo hali salama iandikwe kwa mwendo na kwa hali ya betri, si kwa neno moja. Kwa mota ambayo volti zake za kuzunguka bure hazizidi za betri kwenye mwendo wa juu kabisa, hata mteremkoni, kuiachia izunguke bure ni salama. Kama zinazidi, kuzunguka bure ni hatari, na huenda ukahitaji kontrola ifunge fezi tatu kwa makusudi kwenye mwendo mkubwa, kisha iziachie kabla ya kufika mwendo wa kutembea.

Na ule mlolongo wa mteremkoni uvunje mapema. Chagua transista za volti 150. Kontrola ipime volti zake yenyewe na ipunguze breki ya mota taratibu kuanzia volti 84, ifike sifuri kabla ya 90. BMS itoe onyo kabla ya kukata. Na breki za kawaida, ngoma au diski, zipimwe kana kwamba breki ya mota haipo, maana siku betri imejaa haitakuwapo, na dereva aliyeizoea atashangazwa nayo kwenye kona ya kwanza.

Hatua ya 5: Sasa shuka kwenye vipuri

Hapa tumia jedwali la FMEA, la kuchambua namna vipuri vinavyoharibika na athari zake: kipuri, namna kinavyoharibika, kinasababisha kihatarishi kipi cha hatua ya 3, nani anakigundua, tunazuiaje. Namba moja ya kuzidisha ukali, mara za kutokea na ugumu wa kugundua, ile RPN, iliachwa na kitabu cha pamoja cha AIAG na VDA (vyama vya sekta ya magari vya Marekani na Ujerumani) cha mwaka 2019 kwa sababu ilificha mambo mazito nyuma ya mambo ya mara kwa mara. Panga kwa ukali kwanza.

Ekseli ya mota ya kwenye rimu ndiyo ningeangalia kabla ya vyote. Mota ikisukuma gurudumu mbele, ekseli inataka kuzunguka nyuma, na kinachoizuia ni bapa mbili zilizochongwa kwenye ncha zake. Nguvu ya kuzungusha ya Nm 120 ikizuiwa na bapa zenye upana wa milimita 10 ni takriban niutoni 12,000, uzito wa zaidi ya tani moja, ikilalia kingo nyembamba za chuma. Breki ya mota inapoanza kazi, nguvu inageuka upande. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kutwa nzima, mpaka nati inalegea na tundu linapanuka. Siku ekseli ikizunguka inajisokotea nyaya zake zenyewe: zinakatika au zinapiga shoti pikipiki ikiwa mwendoni. Weka mkono wa chuma wa kuzuia ekseli pande zote mbili, ufungwe kwenye fremu kwa bolti. Kuchomelea washa peke yake hakutoshi.

Joto lina mambo mawili. Sumaku za neodimiamu hutofautiana: daraja la kawaida huvumilia nyuzi 80 hivi, lenye herufi H 120, SH 150, UH 180. Sumaku iliyopoteza nguvu haipigi kelele; mota inakuwa dhaifu, kontrola inaongeza ampea, joto linazidi. Muulize muuzaji herufi, na asipoijua usinunue. Insulesheni ya koili nayo ina daraja: F ni nyuzi 155, H ni 180, na kwa kanuni ya mafundi kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake kwa nusu.

La pili ni mahali pa kihisi cha joto. Pikipiki ikinasa kwenye tope, dereva amekaza eksileta, rota haizunguki. Fezi moja inaweza kubaki kwenye kilele cha mkondo muda wote, badala ya kupanda na kushuka, na joto ndani yake linakuwa mara mbili ya kawaida. Kama kihisi chako kimoja kimefungwa kwenye fezi nyingine, kitasoma vizuri huku jirani yake anaungua. Weka vihisi zaidi ya kimoja, au kontrola ipunguze ampea sekunde chache baada ya kuona eksileta imekazwa na gurudumu limesimama.

Vihisi vitatu vya mkao wa rota vikipangwa kwa digrii 120 hutoa hali sita halali. Vyote sifuri au vyote moja ni hitilafu, na kontrola lazima iikatae papo hapo. Pia ikatae mruko kutoka hali moja hadi isiyo jirani yake. Eksileta nayo ina udhaifu wake: waya wa nega ukikatika, alama inaweza kupanda hadi juu kabisa na kontrola ikasoma kwamba dereva amekaza mpaka mwisho. Kama kawaida yake ni volti 0.8 hadi 4.2, chochote kinachozidi 4.5 kisomwe kama kukatika.

Maji: alama ya IP67 ya kuzuia maji maana yake ni mita moja kwa dakika 30 kwenye maji yaliyotulia. Haisemi kitu kuhusu mota yenye nyuzi 100 inayotumbukizwa kwenye maji baridi ya Jangwani wakati Msimbazi umefurika. Hewa ya ndani inapoa, inasinyaa, na mota inavuta maji kupitia tundu la nyaya kwenye ekseli. Kiwambo kidogo kinachopitisha hewa na kuzuia maji kinasaidia kuliko kuongeza silikoni.

Hatua ya 6: Thibitisha kwa kuharibu kwa makusudi

Nyanyua gurudumu, lifunge vizuri, simama pembeni. Kata waya wa kila kihisi mmoja mmoja mota ikizunguka, kisha wakati imesimama, na uandike ilifanya nini na kwa muda gani. Chomoa nega ya eksileta. Zungusha mota kwa mota nyingine kupita mwendo wake wa juu na upime volti kwenye nyaya zilizo wazi. Pasha mota moto hadi kikomo chake, itumbukize kwenye pipa la maji, acha ipoe humo, kisha pima insulesheni.

Kipimo cha insulesheni hufanywa kwa mega (kipimo cha ukinzani kinachotumia volti kubwa), kontrola ikiwa imechomolewa, vinginevyo utaiunguza. Upande wa AC (wa mota) uliounganishwa moja kwa moja na wa DC (wa betri) unatakiwa kuwa na angalau omu 500 kwa kila volti: kwa volti 84 ni omu 42,000. Mota nzima mpya husoma megaomu nyingi. Ukiona inakaribia kile kiwango cha chini, usiseme imefaulu, tafuta kinachoivujisha.

Hatua ya 7: Rudia kila kitu kinapobadilika

Faili likae na namba ya toleo la programu, sproketi, matairi, betri na mipangilio ya kontrola. Jambo linaloniogopesha zaidi ni ule mpangilio wa simu unaomruhusu mtu yeyote kuongeza ampea. Kutoka 80 hadi 120 kunaonekana kama nusu tu ya nyongeza, lakini joto la koili linapanda mara 2.25, na nguvu inayosokota ekseli inapanda kwa nusu. Funga mpangilio huo kwa nywila ya kiwandani. Kama mteja anataka ampea 120, ekseli, herufi ya sumaku na mahali pa vihisi vya joto virudishwe kwenye hatua ya 5, na mota irudi kwenye pipa la maji.